Jengo Refu Linapopanda Ubavuni mwa Nyumba ya Kale: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Tanga

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na tangu hapo bandari yake imeongezwa kina na Chongoleani imechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda. Jiji la namna hiyo litahitaji ofisi, hoteli na makazi, na mwenye kiwanja kidogo katikati ya mji atajenga kwenda juu. Hilo halina ubaya. Shida ni kwamba viwanja hivyo vimepakana na nyumba zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizojengwa wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba siku moja shimo la mita kadhaa lingechimbwa hatua chache kutoka kwenye msingi wake. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba ya aina hiyo, mpangaji wake wa muda mrefu, au msimamizi wa mali ya wakfu, ambaye amesikia kwamba jirani yake anataka kujenga.

Anza kwa kujua sheria inaitambuaje nyumba yako, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa kumbukumbu za kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hupata ulinzi likitangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana. Sasa tazama Tanga: ujenzi wa reli ya Usambara ulianza hapa mwaka 1893, na majengo mengi tunayoyaita ya kale yalijengwa miaka hiyo au baada yake. Maana yake ni kwamba nyumba inaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 120, ikapigwa picha na kila mgeni anayepita, na bado isiwe na ulinzi wowote wa kisheria. Usitegemee sifa ya nyumba. Andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, uulize kama jengo lako limetangazwa, na kama halijatangazwa, uombe lifikiriwe. Nakala ipeleke kwa ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji, ili siku maombi ya kibali cha ujenzi ya jirani yatakapofika mezani, jina la nyumba yako liwe tayari limo kwenye jalada.

Baada ya barua hiyo inafuata kazi iliyo muhimu kuliko zote katika mwongozo huu, nayo ni kuiandika hali ya nyumba kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Nyumba ya chokaa haikosi nyufa. Ufa ukionekana baada ya ujenzi kuanza, mkandarasi atasema ulikuwepo, wewe utasema haukuwepo, na asiye na maandishi ndiye atakayeshindwa. Kwa hiyo pita chumba baada ya chumba, pamoja na ngazi, dari na upande wa nje, ukipiga picha kila ufa huku rula imewekwa kando yake. Weka alama ya penseli mahali ufa unapoishia na uandike tarehe. Kwenye nyufa kubwa gandisha kipande chembamba cha kioo kwa plasta pande zote mbili. Ukuta ukisogea, kioo huvunjika, na mvunjiko huo hauna ubishi. Kagua pia boriti za mikoko, hasa ncha zinazoingia ukutani, na kama dari imebebwa na mihimili ya chuma, angalia kutu, kwa sababu hewa ya bahari huila chuma, na kutu ikivimba hupasua ukuta wenyewe bila mchango wa jirani yeyote.

Ukiweza, fanya ukaguzi huu mara mbili, mara moja wakati wa kiangazi na mara ya pili baada ya masika, kwani kuta hizi hujongea kidogo kwa unyevu na joto. Anayejua jinsi nyumba yake inavyojongea kwa kawaida ndiye atakayetambua mjongeo usio wa kawaida. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aipitie taarifa yako na kuitia saini, kisha nakala moja ipigwe muhuri katika ofisi ya mtendaji wa mtaa na nyingine ikabidhiwe kwa jirani mwenyewe. Gharama ya mhandisi inauma, najua, lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na kuusuka upya ukuta wa matumbawe.

Ukipata nafasi ya kuiona michoro ya jirani, na unaweza kuiomba kupitia halmashauri, usitumie muda mwingi kuhesabu ghorofa. Tazama chini. Uliza kama kutakuwa na ghorofa ya chini ya ardhi, shimo litafika kina gani, kingo zake zitazuiwaje zisiporomoke, na maji yatakayojitokeza yatavutwa vipi. Maji yakivutwa kwa pampu bila uangalifu, huondoka na chembe za mchanga zilizokuwa zikiubeba msingi wako, na nyumba hutitia upande mmoja. Uliza pia kama ardhi imetobolewa na kupimwa. Mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji, yanatuonyesha maji yanavyoweza kulichimba jiwe la chokaa hadi likawa na vyumba, na mtu anayejenga jengo zito katika pwani kama hii anapaswa kujua kilichopo chini ya kiwanja chake.

Swali la mwisho kuhusu msingi ni namna nguzo zake zitakavyowekwa. Nguzo zikipigiliwa kwa nyundo ya mashine, mtikisiko husafiri hadi kwenye kuta zako. Zikichimbiwa tundu na kumiminiwa zege, mtikisiko hupungua sana. Omba njia hii ya pili iandikwe kwenye makubaliano. Kiwango cha Kijerumani kiitwacho DIN 4150-3, ambacho wahandisi wengi hukitumia, kinaweka kikomo cha kasi ya mtikisiko kuwa milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa jengo la kihistoria pale mtikisiko unapokuwa chini ya hezi 10 (yaani mitetemo 10 kwa sekunde), ilhali nyumba za kawaida za makazi huwekewa 5. Taja hiyo milimita 3, na utake kifaa cha kupimia mtikisiko kifungwe ndani ya nyumba yako, si upande wa jirani.

Mradi mkubwa hufanyiwa pia Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na wakazi wa jirani huulizwa maoni. Nenda na maandishi yako, kwa kuwa malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye taarifa. Mbali na msingi, zungumzia upepo na maji ya mvua. Ukuta wa chokaa hupumua, nao hukaushwa na upepo wa bahari na jua. Ukiwekewa kizuizi upande wa bahari, utakaa na unyevu na kuota ukungu. Maji ya paa la jirani na ya viyoyozi vyake yasielekezwe kwenye uchochoro ulio kati yenu.

Kazi ikishaanza, kagua alama zako kila wiki, na kila siku wakati wa uchimbaji. Kioo kikivunjika, andika saa na kazi iliyokuwa ikiendelea, kisha umjulishe mhandisi msimamizi siku hiyo hiyo kwa barua. Mkandarasi akija kwa nia njema na kutaka kuziba nyufa kwa saruji, mkatalie kwa upole. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huufungia unyevu ndani, kiasi kwamba miaka michache baadaye plasta hubanduka pamoja na jiwe. Mkarabati atumie chokaa na mchanga, kama waliojenga.

Jengo likikamilika utaletewa hati ya kukiri kwamba huna madai. Usiitie saini mpaka masika moja nzima ipite, urudie ukaguzi wa chumba kwa chumba, na ulinganishe picha mpya na zile za mwanzo.