Ramani ya RAM: isome kabla kerneli haijavuka biti 32

Somo hili ni la wanaoandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa kompyuta za x86 zenye BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine), hasa zile desktop za mtumba tunazofanyia mazoezi hapa Arusha. Kerneli ikiamka haijui RAM ni kiasi gani wala sehemu zipi haziguswi. Anayejua ni BIOS, na BIOS huitwa ukiwa bado biti 16. Ukishavuka, int 0x15 (mwito wa huduma za BIOS) haiitiki tena, kwa hiyo kazi hii ni ya butiloda, programu inayopakia kerneli. Inaiomba BIOS orodha ya vipande vya RAM, kimoja kimoja.

1. Elekeza ES:DI (jozi ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vya CPU, inayoshika anwani) kwenye bafa tupu (sehemu ya RAM ya kupokea orodha), mfano 0x0000:0x8000. Ukisahau ES, orodha itaandikwa pengine kabisa, labda juu ya kodi yako mwenyewe, na mashine itaganda kimya.

2. Weka EBX=0, EAX=0xE820, ECX=24, EDX=0x534D4150 (yaani "SMAP"). Andika namba 1 kwenye ofseti 20 ya bafa (baiti 20 kutoka mwanzo wake), maana baadhi ya BIOS hujaza baiti 20 tu. Kisha int 0x15.

3. BIOS ikirudi, CF (bendera ya CPU, hapa ya hitilafu) iwe 0 na EAX iwe SMAP. CF ikiwa 1 mwito wa kwanza, BIOS haina huduma hii. Ikiwa 1 kwenye mwito wa baadaye, orodha imeisha.

4. Sogeza DI kwa 24, halafu jaza EAX, ECX na EDX upya, andika tena 1 kwenye ofseti 20 kutoka DI mpya, na urudie int 0x15. Hapa ndipo wengi hujikwaa: EAX imeshabadilika, na kuna BIOS zinazovuruga EDX. EBX usiiguse, ndiyo inayoikumbusha BIOS ilipoishia. Ikirudi 0, umemaliza.

Kila kipande kina mwanzo (baiti 8), urefu (8) na aina (4); baiti 4 za mwisho katika zile 24 ni za nyongeza. Aina 1 ni yako. Aina 3 ni majedwali ya ACPI (taarifa za vifaa na umeme wa mashine), chukua ukishayasoma. Nyingine zote ziache. Orodha huweza kuja bila mpangilio, hata vipande vikapandana. Vikipandana, shika aina kali zaidi, yaani inayokukataza kutumia.

Jaribu kwenye QEMU (kiigizi cha kompyuta) kwa -m 128M. Ukiona 0x100000 yenye urefu 0x7EE0000, aina 1, uko sawa.

Swali (Moshi): Mkuu, mashine ina GB 4, mimi naona 3 na ushei. Nimepunjwa dukani?

Hujapunjwa. Chini ya GB 4 kuna anwani zilizoshikwa na vifaa, kadi ya picha ikiwemo, hivyo RAM iliyobaki husukumwa juu ya 0x100000000. Kodi yako inasoma baiti 4 za chini tu za mwanzo. Soma zote 8. Na bila PAE (njia ya CPU ya biti 32 kufikia anwani juu ya GB 4), kerneli ya biti 32 haitaifikia hata ukiiona.

Swali: Natumia GRUB (butiloda iliyo tayari), bado nihangaike na haya?

Hapana. Kwa Multiboot ya kwanza (mkataba wa GRUB na kerneli), GRUB hukuletea ramani: hakikisha EAX ni 0x2BADB002, fuata anwani iliyo EBX hadi kwenye taarifa zake, kagua biti ya 6 ya bendera. Kila kipande huanza na saizi isiyojihesabu yenyewe: ruka saizi + 4, si saizi peke yake.

Swali: Laptop yangu ni UEFI tupu.

UEFI ni mrithi wa BIOS, na hapo int 0x15 haipo. Ita GetMemoryMap (hukupa ramani na ufunguo wake), kisha ExitBootServices (ya kuagana na huduma za UEFI) papo hapo kwa ufunguo uleule. Hata kuchapisha mstari mmoja katikati kunaweza kubadilisha ramani, na ufunguo ukakataliwa. Ukikataliwa, chukua ramani mpya ujaribu tena.