Somo: Kutambua sarafu ya shaba ya Kigiriki, hatua kwa hatua

Tafadhali msisugue! Utandu wa kijani au kahawia ndio unaoshikilia maandishi. Ukiutoa kwa siki au brashi ya waya, umefuta na jina la mfalme.

Hatua ya 1. Pima uzito kwa mizani ya sonara na kipenyo kwa milimita. Andika.

Hatua ya 2. Anza na upande wa nyuma, maana vichwa vya miungu Zeus na Apollo vya upande wa mbele vilitumiwa na miji mingi. Kijana juu ya farasi na neno ΦΙΛΙΠΠΟΥ (“ya Philip”) ni sarafu ya Philip wa Pili wa Makedonia (359–336 KK), ingawa ziliendelea kugongwa hata baada ya kifo chake. Rungu na upinde kwenye ala yake, na mbele shujaa Herakles aliyevaa ngozi ya simba, ni ya mwanawe Alexander.

Hatua ya 3. Herufi zikiwa zimefifia, mulika taa kutoka ubavuni huku ukiizungusha sarafu polepole. Tai juu ya radi, na mbele Zeus mwenye pembe ya kondoo dume? Hapo uko Misri ya akina Ptolemaios, wafalme wenye asili ya Kigiriki (305–30 KK). Nyingi zina kishimo cha duara katikati, pande zote mbili. Hizi ndizo nizipendazo kuliko zote. Kubwa zake hukaribia gramu 90. Lakini wafalme wote hao waliitwa Ptolemaios, kwa hiyo tazama kati ya miguu ya tai na mbele ya kifua chake: herufi au pembe ya neema (pembe iliyojaa matunda) iliyopo hapo ndiyo hutenganisha matoleo.

Maswali ya wanachama

*Yangu ina X na P zilizopandana kati ya miguu ya tai. Ni ya Wakristo?*
Hapana, ndugu. Wakristo waliitumia baadaye kama kifupi cha jina Kristo, lakini alama hiyo ipo kwenye shaba za Ptolemaios wa Tatu (246–222 KK), zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo.

*Imetoa unga wa kijani mpauko, ukiugusa unapukutika.*
Itenge na nyingine leo hii. Ni chumvi ya kloridi ikishirikiana na unyevu kuila shaba. Iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), uyabadilishe mara kwa mara, kisha ikaushe kabisa na uihifadhi pakavu.

*Naenda Cairo, ninunue huko?*
Usinunue, dada. Sheria namba 117 ya 1983 inazifanya mali za kale kuwa za taifa, na kuzitoa nje ni kosa. Nunua kwa muuzaji mwenye hati zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi na lini.