Kuchagua droni ya kupiga video mji usiku

Mchana droni nyingi hufanana kazi. Weka kwenye simu video ya mji iliyopigwa saa nne asubuhi na droni ya bei ya chini, kisha ile ya droni yenye bei mara nne yake, na watazamaji wengi hawatajua ipi ni ipi. Jua likizama ndipo zinapoachana: anga inajaa chengachenga, taa za barabarani zinageuka mabaka meupe, mabango ya LED yanapepesa, madirisha ya maghorofa yanayeyukiana. Kasoro nyingi kati ya hizo chanzo chake ni uhaba wa mwanga. Kwa hiyo anayenunua droni kwa ajili ya usiku asianze na 8K, wala kasi, wala kilomita ambazo rimoti inafika. Aanze na swali moja: kamera hii inaingiza mwanga kiasi gani?

Wauzaji hutaja tu ukubwa wa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Sensa kubwa iliyofungwa nyuma ya lenzi yenye tundu dogo inaweza kushindwa na sensa ndogo yenye lenzi iliyo wazi zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua eneo la sensa kwa milimita za mraba, ligawe kwa namba ya f (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu likiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mwingi. Kwa droni za DJI, ambazo ndizo nyingi madukani, hesabu inatoka hivi:

Mini 2 SE na Mini 4K (sensa ya inchi 1/2.3, f/2.8): 28 ÷ 7.84, karibu 3.6
Air 2S (inchi 1, f/2.8): 116 ÷ 7.84, karibu 15
Mini 3, Mini 4 Pro na kamera pana (inayoona eneo kubwa) ya Air 3 (inchi 1/1.3, f/1.7): 69 ÷ 2.89, karibu 24
Kamera kuu ya Mavic 3 (sensa ya aina ya 4/3, f/2.8): 225 ÷ 7.84, karibu 29
Kamera pana ya Air 3S (inchi 1, f/1.8): 116 ÷ 3.24, karibu 36
Kamera kuu ya Mavic 4 Pro (4/3, f/2.0): 225 ÷ 4, karibu 56

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Air 2S ya mwaka 2021 bado inauzwa mkononi kwa jina la "sensa ya inchi moja", ilhali Mini 4 Pro yenye gramu 249 inaingiza mwanga zaidi yake. Air 3S nayo inaipita Mavic 3, ndege nzito na ya bei ya juu. (Hiyo "inchi moja" yenyewe ni jina tu la kibiashara, sensa ina milimita 13.2 kwa 8.8.) Hesabu hii haipimi kila kitu. Haionyeshi sensa ni ya kizazi gani, wala namna kompyuta ya ndani inavyosafisha chenga, wala ubora wa vioo vya lenzi. Lakini tofauti ya mara sita kati ya mstari wa kwanza na wa tatu haifichwi na programu yoyote. Droni zilizo kwenye mstari wa kwanza ni nzuri kwa kujifunzia na kwa kazi za mchana. Kwa mji usiku, tusidanganyane, hazifai.

Megapikseli zisikutie hamu. Kamera inayotangazwa kuwa ya megapikseli 48 au 50 kwa kawaida inaunganisha pikseli nne kuwa moja ili ipige picha ya 12, na usiku ndivyo unavyotaka ifanye. Kupiga 48 gizani ni kuzirudisha pikseli kwenye udogo wake na kuongeza chenga.

Lenzi ya kuvuta karibu ni mtego mwingine. Air 3 na Air 3S zina kamera ya pili ya milimita 70, sensa ya inchi 1/1.3 na f/2.8. Hesabu yake inatoka karibu 9, yaani chini ya nusu ya kamera pana ya Air 3 na robo tu ya ile ya Air 3S. Inapendeza sana saa ya machweo, maghorofa yakiwa yamebanana na anga bado ina rangi. Saa mbili usiku itakulazimisha upandishe ISO (wepesi wa sensa kuuhisi mwanga) hadi picha iharibike. Ukiona mtu anauza droni kwa sifa ya kamera tatu, kumbuka kwamba kamera yako ya usiku ni moja, ile pana.

Jambo la pili la kukagua kabla ya kulipa ni kama droni inakuruhusu kupanga mwenyewe shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwa mfano 1/50 ya sekunde), ISO na rangi ya mwanga, na kama ina fremu 25 kwa sekunde. Vidroni vingi vya bei rahisi hupanga kila kitu vyenyewe, na gizani hilo ni balaa: kamera ikigeuka kutoka barabara yenye taa kwenda baharini, picha nzima inang'aa na kufifia mbele ya macho ya mtazamaji.

Hizo fremu 25 zina sababu yake. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda, na hata wa Oman, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga fremu 25 kwa shata ya 1/50, kila fremu inapokea mipepeso miwili kamili na mwanga unatulia. Ukipiga fremu 30 kwa shata ya 1/60, kila fremu inakata mpepeso mahali tofauti, na mistari ya giza inatembea juu ya picha. Ukilazimika kutumia 30, iache shata kwenye 1/50. Kwa wanaopiga Marekani au Saudi Arabia, ambako umeme ni wa hezi 60, geuza: fremu 30, shata 1/60. Mabango ya LED yana mpepeso wake usiofuata hezi za umeme. Ukiona bango linakatika vipande, punguza kasi ya shata kidogo kidogo, 1/40, kisha 1/30, mpaka litulie. Fanya hivyo ukiwa bado hewani, kwa sababu kusafisha mpepeso wakati wa kuhariri ni kazi ndefu na mara nyingi haiishi.

Fremu 60 na 100 ziache kabisa. Ukipiga fremu 100, shata haiwezi kuwa taratibu kuliko 1/100, na nusu ya mwanga uliolipia imekwenda.

Droni ikipita mtihani huo, uliza kama inarekodi rangi kwa biti 10. Video ya biti 8, kama ya Mini 3, inaonyesha ngazi kwenye anga: kutoka buluu hadi nyeusi unaona mikanda badala ya rangi inayofifia taratibu. Mini 4 Pro, Air 3 na zile za juu yake zina biti 10, na nyingi zina mfumo wa D-Log M, unaorekodi rangi zikiwa zimefifishwa. Mfumo huo unafaa pale mabango makali na vichochoro vya giza vipo kwenye picha moja, mradi una muda wa kusahihisha rangi baadaye. Kama video inakwenda mtandaoni usiku huohuo, piga kwa rangi za kawaida. D-Log M iliyopigwa na giza jingi kisha ikainuliwa kwenye kompyuta inatoa chenga zote zilizokuwa zimejificha. Kadi ya kumbukumbu iwe na alama ya V30, inayoonyesha kasi yake ya kuandika video. Kwa megabiti 150 kwa sekunde, dakika kumi zinakula gigabaiti 11 na kitu.

Ndege yenyewe gizani

Kuna hitilafu moja ya usiku ambayo maduka hayaitaji. Kamera ndogo zinazozuia droni isigonge vitu zinahitaji mwanga. Gizani zinafumba macho, na droni iliyokuwa inakwepa mti mchana inaugonga bila onyo. Kamera za chini nazo hushindwa kuiona ardhi, hivyo ndege inategemea satelaiti peke yake na inaweza kuelea mita moja au mbili pembeni. Air 3S ina LiDAR upande wa mbele, inayopima umbali kwa leza, na hiyo inafanya kazi gizani. Ni sababu nzuri ya kuilipia. Hata hivyo usiitegemee kwa nyaya za umeme, wala usirudi kinyumenyume ukiamini ndege inaona kila upande.

Ndiyo maana urefu wa kurudi nyumbani unapangwa kabla ya kupaa. Mawasiliano yakikatika, droni inapanda hadi urefu uliouweka kisha inarudi kwa mstari ulionyooka. Ukiacha namba iliyomo kiwandani na katikati kuna jengo refu kuliko hiyo, itaingia ukutani. Eneo la Posta jijini Dar es Salaam lina minara ya zaidi ya ghorofa 30, na mingine inapita mita 120 ambazo kanuni za nchi nyingi zinaziweka kuwa kikomo. Hapo kuongeza namba si dawa. Chagua mahali pa kurukia ambapo hakuna mnara kati yako na droni.

Upande wa Coco Beach, kwa mfano, Daraja la Tanzanite linaonekana lote, kilomita moja na kidogo juu ya maji, na kati yako na daraja hakuna ghorofa. Beba kitambaa kigumu cha kurukia, maana mchanga unaoinuliwa na propela unaingia kwenye mota na kwenye gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera. Upepo wa kusi, unaotawala katikati ya mwaka, huwa mkali zaidi juu kuliko unavyousikia ufukweni. Mini 4 Pro imetajwa kuhimili mita 10.7 kwa sekunde, Air 3 na Mavic 3 mita 12. Itakaa hewani, ndiyo, lakini usiku kamera inahitaji utulivu kuliko mchana kwa sababu shata iko wazi muda mrefu. Mwenye kupiga pwani mara kwa mara anunue ndege ya gramu 700 kwenda juu.

Unyevu nao una lake. Droni iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikiingia joto la pwani, lenzi inapata ukungu, na kila taa inapata duara la moshi. Itoe kwenye begi dakika 20 hadi 30 kabla ya kuruka. Alama ya kidole kwenye kioo inafanya hivyohivyo. Futa kwa kitambaa laini cha lenzi, usitumie shati. Vichujio vya ND vivue, kwani vimetengenezwa kupunguza mwanga, na kioo cha ziada huzalisha taa za mzimu zinazoelea angani. Zima pia taa za mikono ya mbele, au weka zijizime zenyewe wakati wa kurekodi, la sivyo pembe za picha zitakuwa na rangi isiyotoka mjini.

Kwa mpangilio wa kuanzia: fremu 25, shata 1/50, tundu wazi kabisa, rangi ya mwanga ifungwe kati ya kelvini 3200 na 4000, ISO 100 au 200 jua likiwa limezama punde. Giza likikamilika, sensa ya inchi 1/1.3 isizidi ISO 800, ya inchi moja 1600, ya 4/3 ifike 3200 kwa shingo upande. Pima mwanga kwa taa, uiache anga iwe nyeusi. Anayejaribu kuing'arisha anga anaharibu vyote viwili. Kama fokasi inahangaika, ifunge kwenye taa iliyo mbali. Ukienda polepole sana unaweza kushusha shata hadi 1/25 na kupata mwanga maradufu. Na usichelewe. Karibu na ikweta giza halisubiri: Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa moja kasoro dakika kumi kutegemea mwezi, na ile buluu nzuri ya anga haidumu zaidi ya dakika 20 na kitu. Betri iwe imejaa na kibali kiwe mkononi kabla ya hapo.

Kibali chenyewe kitaje usiku waziwazi. Tanzania mlango ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi inahusika; Kenya ni mamlaka yao, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Gramu 249 hazikupi ruhusa ya kuruka karibu na Ikulu, kambi za jeshi, bandari au viwanja vya ndege, na Nairobi uwanja wa Wilson uko jirani kabisa na katikati ya jiji. Ulaya droni ya usiku lazima iwe na taa ya kijani inayomweka, tangu Julai 2022. Marekani marubani wa kibiashara wanatakiwa kuwa na taa inayoonekana kutoka maili tatu. Taa hiyo mara nyingi huuzwa peke yake, kwa hiyo iingize kwenye bajeti.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na video za muuzaji zilizopita WhatsApp. Omba faili halisi la usiku. Kisha ziba lenzi kwa kitambaa cheusi, rekodi sekunde kumi kwa ISO 800, uangalie kwenye skrini kubwa: vidoti vyekundu, vya kijani au vyeupe visivyohama ni pikseli zilizoharibika, na juu ya anga nyeusi vitaonekana kila siku. Elekeza kamera kwenye taa moja kali. Mistari inayotoka kwenye taa hiyo ikifuata upande uleule kila ukigeuza, kioo kimekwaruzwa. Soma kwenye programu betri imechajiwa mara ngapi. Mwisho, muuzaji aiondoe droni na rimoti kwenye akaunti yake mbele yako, kabla fedha haijahama.