Mtandao wa ofisi ya umma: usimwamini yeyote kabla hajathibitishwa

Ofisi nyingi za umma bado zinalinda mlango wa nje tu. Ukishaingia kwa VPN, yaani njia ya siri ya kufikia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, au ukachomeka waya ofisini, unahesabiwa mwenyeji. Wavamizi wa OPM, ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani, walitumia akaunti ya mkandarasi. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa taarifa za watu milioni 21.5 zimeibwa.

Dawa ni kuhakiki kila anayeingia, hata akiwa ndani. Kabla hujatangaza zabuni ya kununua chochote, fanya haya.

Hatua ya 1: Safisha akaunti. Chukua orodha ya watumishi kutoka utawala, ilinganishe na akaunti zilizo hai. Waliostaafu, waliohamishwa, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa mwaka juzi, fundi wa kampuni iliyosimika mfumo: funga zote. Zifunge, usizifute, maana mkaguzi atauliza nani aliidhinisha malipo gani. Akaunti inayotumiwa na masijala nzima ivunje, kila mtu apate yake. Hapa utakaa muda mrefu na utagombana na watu, kwa hiyo tangulia na barua ya mkuu wa taasisi.

Hatua ya 2: Imarisha kuingia. Tarakimu za kuingilia zinazotumwa kwa meseji ni afadhali kuliko nywila peke yake, ila tapeli mwenye ukurasa bandia atakuomba tarakimu hizohizo na kuzitumia papo hapo. Waraka M-22-09 wa ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani, wa Januari 2022, ulizitaka taasisi za serikali kuu ya nchi hiyo zitumie njia zisizonaswa hivyo: kadi ya mtumishi yenye chipu, au ufunguo wa FIDO2, kifaa kidogo cha kuthibitisha anayeingia, ambao haujibu anwani ya tovuti isiyo yake. Pia ulizitaka ziache kulazimisha watu kubadili nywila kila baada ya muda, jambo ambalo kwetu bado linaonekana ndio usalama wenyewe. Bajeti ikibana, anza na wasimamizi wa mifumo na wahasibu.

Hatua ya 3: Kagua vifaa. Kompyuta isiyosajiliwa au isiyosasishwa isifike kwenye mfumo wa mishahara, hata ikiwa ya mkurugenzi.

Hatua ya 4: Hamisha mfumo mmoja. Utoe kwenye VPN, uuweke nyuma ya lango, yaani programu inayohakiki kila ombi: ni nani, kwa kifaa gani, anataka nini. Mwanzoni lango lirekodi tu bila kuzuia. Soma rekodi hizo. Mara nyingi utakuta programu zinazojiendesha usiku zinaingia kwa akaunti ya mtu. Zipe akaunti zake, zenye ruhusa finyu, ndipo uanze kuzuia. Bakiza akaunti mbili za dharura, funguo zake sefuni, na zikitumika tu kitengo kizima kipate taarifa.

Kisha hamisha mifumo mingine mmoja mmoja. VPN ya zamani izime baada ya mfumo wa mwisho kuhama.