Jinsi ya Kuijaribu Bunduki Mpya ya Kuwindia na Kudai Matengenezo ya Dhamana Nchini Marekani

Bunduki mpya huwa imefyatuliwa mara chache tu kiwandani kabla ya kufungwa kwenye boksi, na ufyatuaji huo hauwezi kufichua kila kasoro. Jaribio lenyewe hasa ni lile utakalolifanya wewe kwa boksi lako la kwanza la risasi, na ukilifanya kwa utaratibu, ndilo litakalokuwa ushahidi wako endapo itabidi uirudishe bunduki kwa mtengenezaji. Maelezo haya yanahusu bunduki ya bolti (kipande cha chuma kinachovutwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda) inayotumiwa na wawindaji wengi wa paa nchini Marekani, nami nachukulia mfano wa ile inayotumia risasi za .308 Winchester.

Kwanza hakikisha kwamba sheria inakuruhusu. Sheria ya shirikisho inawakataza wageni wengi wenye viza za muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki silaha au risasi, isipokuwa wanaotimiza masharti maalumu kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo, ila kila jimbo lina sheria zake za ziada.

Kabla ya kununua, omba kusoma waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 ndiyo inayosimamia dhamana za maandishi zinazotolewa kwa walaji, na inamtaka anayetoa dhamana aeleze wazi iwapo ni kamili au ina mipaka. Haimlazimishi mtengenezaji yeyote kutoa dhamana ya maandishi. Kampuni ya Ruger, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikiuza bunduki zisizo na kadi ya waranti na kueleza kwenye vitabu vyake vya maelekezo kwamba imechagua hivyo kwa sababu ya sheria hiyo, lakini inapokea bunduki zenye kasoro na kuzitengeneza. Kwa hiyo ukikosa kadi ndani ya boksi usidhani kwamba umekosa haki, na ukiiona usidhani kwamba kila kitu kimo. Soma hasa yale yasiyolipiwa: mara nyingi utakuta kwamba risasi zilizojazwa baruti upya nyumbani, pamoja na sehemu zilizobadilishwa na mwenye bunduki, huondoa dhamana. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba usibadilishe kifyatulio wala kupiga msasa sehemu yoyote hadi bunduki imalize majaribio ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani.

Ukifika nyumbani, fungua bolti, itoe, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani nafasi inamokaa risasi inayofyatuliwa, haina kitu. Linganisha namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti, kisha ipige picha. Chungulia mtutu ukielekea kwenye mwanga. Mtengenezaji huacha mafuta ya kuzuia kutu, na ni lazima yatolewe kwa mdeki (kijiti kirefu cha kusafishia mtutu) wenye kitambaa kabla ya risasi ya kwanza, kwa sababu mafuta au takataka iliyobaki ndani ya mtutu inaweza kupandisha shinikizo kufikia kiwango cha hatari. Kaza skrubu za kitako na za vishikizo vya darubini kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, ukifuata kiwango kilichotajwa kitabuni. Bunduki nyingi zinazosemekana hazilengi vizuri huwa na skrubu iliyolegea tu, na fundi wa kiwandani ataanzia hapo hapo.

Baada ya hapo jaribu kizuizi cha usalama bila risasi yoyote ndani ya chemba. Rudisha bolti ili bunduki ijiandae, weka kizuizi, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha ondoa kizuizi bila kugusa kifyatulio. Pini inayogonga risasi ikipiga wakati huo, usiende kabisa kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Jambo hili si la kubuni: mwezi Aprili 2014 kampuni ya Remington iliwataka wateja wazirudishe kwake bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya Mei 1, 2006 na Aprili 9, 2014, kwa kuwa baadhi zingeweza kufyatuka zenyewe katika mazingira fulani. Tume ya shirikisho inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji haina mamlaka juu ya bunduki, kwa hiyo matangazo ya namna hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, na ni juu yako kuitafuta namba yako kwenye orodha zake.

Uwanjani, vaa kinga ya macho na ya masikio, na utumie risasi mpya za kiwandani zenye jina lile lile lililochorwa kwenye mtutu. Anza na risasi moja tu kwenye magazini. Ikilia vizuri na ganda likatoka, weka mbili, na baadaye ndipo ujaze. Ukivuta kifyatulio na risasi isilie, elekeza mtutu kwenye shabaha kwa muda usiopungua sekunde 30 kabla ya kufungua bolti, kwani fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako cha risasi, inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, kwa sababu huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ingeupasua.

Okota kila ganda na ulitazame karibu. Fataki yenye kidoto kidogo tu inaonyesha kwamba pini inapiga kwa unyonge. Iliyotoboka huashiria shinikizo kubwa au pini yenye kasoro. Alama ya kutisha zaidi ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda, juu kidogo ya kitako chake: huenda chemba ina nafasi iliyozidi na shaba inavutika kiasi cha kukaribia kukatika. Ukiuona mstari huo, usifyatue tena hata mara moja. Weka maganda hayo kwenye mfuko pamoja na boksi la risasi lenye namba ya toleo lake.

Kulenga kuanze yadi 25, kisha yadi 100. Darubini nyingi husogeza pigo robo inchi kwa kila mlio mmoja wa kitasa cha kurekebishia kwenye yadi 100, hivyo pigo lililo chini kwa inchi 3 hurekebishwa kwa milio 12. Kwenye yadi 25 inchi moja pekee huhitaji milio 16. Usiharakishe: mtutu mwembamba wa kuwindia hupata joto upesi na mapigo hutawanyika, kwa hiyo uache upoe kati ya kundi moja la risasi na jingine. Piga makundi ya risasi tano kwa aina tatu za risasi kabla ya kulalamika kuhusu ulengaji, kwani aina moja kukataa si kasoro ya bunduki.

Kasoro ikithibitika, usiifungue wala kuitengeneza mwenyewe. Wasiliana na idara ya huduma ya mtengenezaji, upate namba ya marejesho, na uandike malalamiko kwa kueleza hasa kilichotokea. “Katika risasi 20 za boksi moja, maganda matatu hayakutoka chemba ikiwa ya moto” humsaidia fundi kuliko “bunduki ni mbovu”. Ambatisha nakala ya risiti, picha na shabaha, na ubaki na nakala zako. Vua darubini na mkanda, na hakikisha hakuna risasi hata moja ndani ya boksi. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kuituma moja kwa moja kwa mtengenezaji mwenye leseni kwa ajili ya matengenezo, naye anaweza kukurudishia moja kwa moja bila kupitia dukani. Hata hivyo, tumia lebo anayokutumia mwenyewe, kwa sababu kampuni za usafirishaji zina masharti makali kwa wasio na leseni.

Ikirudi, soma karatasi ya kazi iliyofanyika, linganisha tena namba ya utambulisho, na uanze majaribio upya kwa risasi moja. Wakikupa bunduki nyingine ya aina ile ile badala ya kuitengeneza ya kwanza, nayo inaweza kuletwa kwako moja kwa moja, lakini ya aina tofauti itabidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni pamoja na fomu na uchunguzi wa kawaida. Kasoro ile ile ikijirudia, andika barua, usipige simu, na uombe wazi ubadilishiwe, ukitaja tarehe za matengenezo ya kwanza na namba ya marejesho uliyopewa.