Kuhemea (kutafuta chakula) kwa kibarua: kupima ekari, debe na unyevu wa mahindi

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kufikia katikati ya Aprili mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa anajua tayari kama kuna kitu kitaingia ghalani. Aliyekosa huwa na njia mbili: aondoke Juni kwenda kuvuna mashamba ya watu Kiteto au Kilosa, au avumilie mpaka Januari, akiba imekwisha, ndipo akapalilie kwa watu. Wengi huishia kwenye ya pili, na hiyo ndiyo inayowafunga. Palizi ya kwanza ya mahindi inatakiwa wiki 2 hadi 3 baada ya kuota. Ukiwa kwa tajiri wakati huo, magugu yanamaliza shamba lako, na mwaka unaofuata utarudi kwake tena hata kama mvua ilikuwa nzuri. Juni hadi Agosti shamba lako halikudai kitu, na mwenye mahindi anayo ya kulipa. Maelezo haya ni ya safari ya Juni.

Mahitaji ya nyumba

Piga gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 6 inakula kilo 2.4 kwa siku, kilo 72 kwa mwezi. Kutoka Julai hadi mavuno mapya ya Mei ni miezi 10, yaani kilo 720. Hesabu hiyo ni ya dona. Ukikoboa kupata sembe, sehemu nzuri ya uzito inabaki mashineni kama pumba, kwa hiyo mwaka wa njaa si mwaka wa sembe. Kibarua cha msimu mmoja mara chache kinafikisha kilo zote hizo, lakini ukijua pengo ni kilo ngapi, utajua pia ni mbuzi wangapi wa kuuza.

Mbuzi huyo auzwe Aprili au Mei, akiwa bado na nyama. Ukame ukishika, kila mtu anaswaga mifugo iliyokonda kwenye mnada uleule huku mahindi yakipanda bei. Usipime kwa shilingi, pima kwa debe: mbuzi mmoja leo ananunua madebe mangapi? Minada miwili mfululizo madebe yakipungua, usingoje wa tatu.

Kabla ya kupanda gari

Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji chako. Ukifika, jiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji cha huko. Mgeni asiyejulikana hana pa kushtaki akidhulumiwa. Watoto wa shule wabaki na bibi au shangazi ikiwezekana. Mkihama nyumba nzima, omba uhamisho wa shule rasmi, la sivyo mtoto atahesabika mtoro kule alikotoka.

Mkubaliane mbele ya shahidi: kazi gani, kipimo gani, malipo lini, chakula ni juu ya nani, na ukiugua katikati ya kazi unalipwa vipi. Andikeni kwenye daftari, na kila jioni pande zote mbili ziweke sahihi au dole gumba kwa kazi ya siku hiyo. Anayekataa daftari siku ya kwanza atakataa deni siku ya mwisho.

Ekari

Kuvuna na kusafisha shamba aghalabu hulipwa kwa ekari, na ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mita 63.6 kila upande, hivyo hatua inatakiwa iwe na urefu wa sentimita 90 hivi. Sasa mwenye shamba anamleta kijana mrefu, anayerusha hatua za mita nzima: 70 kwa 70 inakuwa mita za mraba 4,900. Umevuna ekari 5, kwa kweli ni 6, na ya sita hukulipwa.

Dawa yake ni kamba. Azima futi ya fundi seremala, kata kamba ya katani ya mita 15.9, funga fundo kila mwisho. Ipigwe mara 4 kila upande. Usitumie kamba ya nailoni nyembamba, inavutika. Pima pande zote nne, kwa sababu shamba lililopinda linaficha eneo kwenye pembe. Fanya hivyo kabla ya kuanza kazi. Ukipima baadaye, utaonekana unatafuta ugomvi.

Debe na gunia

Watu husema madebe 6 ni gunia la kilo 100, yaani debe ni karibu kilo 17. Lakini chombo cha lita 20 kikisawazishwa mdomoni kwa mti kinabeba mahindi makavu kilo 14 au 15 tu. Ili zifike 17 lazima debe liwe na kilima juu. Mchezo uko hapo: debe la kununua kwako hupigwa kilima, debe la kukulipa husawazishwa. Kwenye madebe 20 pengo linazidi kilo 40, chakula cha nusu mwezi na ushee kwa kaya yetu.

Angalia pia tako la debe. Likiwa limebonyezwa kwa ndani, linapunguza lita. Chukua chupa ya maji ya lita 1 uimimine mara 20; debe likijaa kabla, umeshajua. Kwa anayepukuchua na kulipwa kwa gunia, hatari ni lumbesa: gunia linaloshonewa kofia juu. Andikeni kwenye daftari gunia ni kilo ngapi, na mzani ukipatikana, mtumie mzani.

Mahindi yenyewe

Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Haina harufu ya kutegemea, na kupika hakuiondoi. Ukungu wake hushamiri kwenye mahindi yaliyopigwa na ukame shambani na kwenye yale yaliyohifadhiwa na unyevu, kwa hiyo mahindi ya kulipwa kibarua, ambayo mara nyingi yametoka kuvunwa, yakaguliwe kabla ya kufungwa.

Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado usishangilie: ghala linataka asilimia 13 na kitu, kwa hiyo yaongezee jua la siku 1 au 2. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, jibu ni la uongo.

Anika juu ya turubai, unene wa vidole viwili, geuza mara kwa mara, funika jioni. Usianike kwenye udongo, ukungu unaishi humo. Wakati yanakauka, wote mkae mchambue: toa punje zenye rangi ya kijani au manjano ya ukungu, zilizonyauka, zilizopasuka, zilizotobolewa. Zifukiwe. Desturi ya kuzipeleka kwenye pombe au kuwapa kuku ni kuirudisha sumu mezani kwa mlango mwingine.

Kuhifadhi

Adui ni mdudu aitwaye dumuzi, wengine humwita skania. Mfuko wa PICS una mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kila mmoja ufungwe peke yake, hewa imekamuliwa, na wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Usiuegemeze ukutani ambako panya hupita. Tundu dogo tu linatosha kuharibu kazi yote. Huna PICS? Dumu la lita 20 lililooshwa na kukauka, likijazwa hadi shingoni na kipande cha mpira kikiwekwa chini ya kifuniko, linafanya kazi ileile. Usilifungue miezi miwili ya mwanzo. Ya kula kila siku yatengwe kwenye kiroba cha kawaida.

Mbegu itengwe kwenye dumu lake tangu siku ya kwanza: mtama wa muda mfupi kama Macia, kilo 4 hivi kwa ekari. Ukinunua mbegu za dukani zilizotiwa rangi, zifungwe juu darini mbali na watoto. Rangi hiyo ni dawa, na haitoki kwa kuosha.