Kulisha Chachu ya Mvinyo wa Asali: Viungo na Virutubisho, Hatua kwa Hatua

Mvinyo wa asali unaoanza kuchacha kwa kishindo, kisha ukanyamaza baada ya siku chache huku ukitoa harufu ya yai bovu, kwa kawaida umekosa chakula. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mtungi wa binamu yangu wa Kisumu niliyemsaidia majuzi, na mwongozo huu unafuata utaratibu tulioutumia kutengeneza mwingine wa lita 10. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa utengenezaji na uuzaji wa vileo, kwa hiyo ulizia kwanza katika ofisi ya leseni ya kaunti yako.

Hatua ya kwanza: asali na maji

Chukua kilo 3 za asali, ongeza maji hadi ujazo ufike lita 10, koroga mpaka asali yote iyeyuke, kisha upime kwa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Usomaji ukikaribia 1.088, utapata kileo cha asilimia 11 na ushei sukari yote ikichacha. Mimi hupendelea asali ya Baringo, lakini la muhimu kuliko mahali ilikotoka ni kumjua mfugaji nyuki anayekuuzia, kwa sababu majaribio ya njiti ya kiberiti na ya glasi ya maji hayathibitishi kwamba asali haikuchanganywa na sukari. Sukari nguru siipendekezi; ladha yake huifunika asali, na haimalizi upungufu nitakaoueleza hapa chini. Ukitaka kuongeza juisi ya matunda, kamua mwenyewe, kwa kuwa juisi nyingi za dukani zina sodiamu benzoeti au potasiamu sobeti, ambazo kazi yake ni kuzuia chachu isikue.

Maji ya mfereji yana klorini. Yachemshe au yaache wazi usiku kucha. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua, kwa hiyo huku kwetu afadhali kutumia maji ya mvua yaliyochemshwa.

Hatua ya pili: chachu

Hamira ya mkate huchachusha, lakini huchoka mapema kileo kinapopanda, na ladha inayoacha siipendi. Ninatumia chachu ya mvinyo iitwayo Lalvin 71B, pakiti moja ya gramu 5, kwa sababu haidai nitrojeni nyingi na huvumilia joto hadi nyuzi 30. Kisumu, ambako mchana hufikia joto hilo, weka ndoo ndani ya beseni la maji na uifunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo utapata mvinyo mkali wa kuchoma koo. Nakuru tatizo hilo halipo.

Hatua ya tatu: usafi

Safisha kila kitu kitakachogusa mvinyo kwa dawa ya kuua vijidudu, na utumie ndoo ya chakula, kamwe si ya rangi.

Hatua ya nne: virutubisho

Asali ina sukari takriban asilimia 80, lakini nitrojeni yake ni haba mno, na chachu haiwezi kujenga protini wala kuongezeka bila nitrojeni. Ikiikosa hutoa haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo ile gesi ya yai bovu. Wapika busaa hawakumbwi na balaa hili kwa sababu kimea cha wimbi huja na amino asidi zake. Mchanganyiko wetu unahitaji miligramu 150 hadi 200 hivi za nitrojeni kwa kila lita, na karibu yote lazima uilete wewe.

Chanzo chenye nguvu zaidi ni daiamoniamu fosfeti, yaani DAP, na kwa kuwa kila mkulima wa mahindi kutoka Njoro hadi Kitale anaijua, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama ile ya gunia inafaa. Haifai, hata kijiko kimoja. Mbolea ile, yenye namba 18-46-0, hutengenezwa kutokana na mwamba wa fosfeti bila kusafishwa kwa kiwango cha chakula. Inaweza kubeba kadimiamu na metali nyingine nzito, na kuiosha, kuichuja au kuichemsha hakuziondoi. Unayotaka ni fuwele za daraja la chakula, zenye nitrojeni asilimia 21, na muuzaji akishindwa kukuonyesha daraja hilo kwenye lebo, usinunue. Urea nayo iache kabisa: ikikutana na kileo huzaa ethili kabameti, ambayo shirika la IARC la utafiti wa saratani limeiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Wapo wanaotia konzi ya zabibu kavu wakidhani wamelisha chachu. Zabibu hizo huleta ladha, lakini ungehitaji kilo kadhaa ili nitrojeni yake ionekane. Majani ya chai huleta ukakasi tu.

Kwa lita 10 pima gramu 5 za DAP, ambazo huleta miligramu 105 za nitrojeni kwa lita, pamoja na gramu 5 za Fermaid O, inayotokana na chachu iliyokufa. Nitrojeni ya Fermaid O ni ndogo kwa hesabu ya karatasi, lakini iko katika umbo la amino asidi ambalo chachu hulitumia vizuri. Usipoipata, chemsha gramu 10 za hamira ya mkate kwa dakika 10 ili ife, kisha uitumie badala yake. Ni dhaifu zaidi, ila ni bora kuliko DAP peke yake. Tumia mizani inayosoma gramu, kwa maana kijiko hudanganya.

Hatua ya tano: kulisha kwa awamu

Lowesha chachu kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40 bila kutia DAP, kwa sababu amonia iliyomo ndani ya DAP hudhuru chembe zinazoamka, kisha uimimine ndani ya mchanganyiko. Gawa virutubisho mafungu manne: matatu utie baada ya saa 24, 48 na 72, na la nne theluthi ya sukari ikiisha, haidromita inaposoma karibu 1.059. Kabla ya kila fungu, koroga polepole mpaka gesi itoke, na uyeyushe unga wa virutubisho kwa maji kidogo. Ukiutia mkavu, povu litafurika hadi sakafuni.

Baada ya hapo usiongeze DAP. Kileo kikipita asilimia 9 hivi chachu haiwezi tena kuivuta, na inayobaki huacha ladha ya chumvi na kulisha bakteria. Harufu ya yai ikijitokeza kabla ya theluthi, lisha fungu linalofuata mapema. Ikijitokeza baadaye, koroga gesi itoke na uhamishe mvinyo kutoka kwenye masimbi, yaani mashapo ya chini, mchacho unapokoma.

Hatua ya sita: kungoja

Haidromita ikisoma sawasawa mara mbili kwa kuachana wiki moja, na mvinyo ukiwa umetakata, tia kwenye chupa.